Jeti za Oili Chini ya Pistoni: Kazi ya Kufanya Kabla ya Kuongeza Presha ya Turbo

Ndugu mtazamaji, karibu katika gereji yetu hapa Unga Limited, Arusha. Injini unayoiona juu ya stendi ni 1HD-T ya Land Cruiser, silinda sita, cc 4,164, na mwenye gari ameomba tumwongezee presha ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) pamoja na dizeli, kwa sababu gari likishapakia watalii na mizigo linachoka kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Ombi lake ni la haki. Hata hivyo, turbo sitaigusa mpaka nijiridhishe kwamba oili inafika chini ya kila pistoni, na hiyo ndiyo kazi ya leo.

Gesi inayowaka ndani ya silinda hupita nyuzijoto 2,000, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na aloi za pistoni huanza kuyeyuka hata kabla ya hapo. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba joto lake halikai: sehemu kubwa hupitia kwenye ringi (pete zinazoizunguka pistoni), ikaingia ukutani mwa silinda na kuchukuliwa na maji ya rejeta. Ukiongeza dizeli, joto huongezeka lakini ringi ni zilezile. Hapo ndipo jeti ya oili inapohitajika, kwa kuwa hurusha oili moja kwa moja upande wa chini wa kichwa cha pistoni na kuliondoa joto hilo kabla halijailainisha. Pistoni iliyolainika haingoji kuyeyuka ndipo iharibike. Mfereji wa ringi ya kwanza hulegea, sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, hutanuka na kukwaruza silinda, na mwenye gari huja kulalamika kwamba injini inakula oili.

Hatua ya kwanza ni kuondoa sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kuangalia. Tazama ninapomulika tochi: chini ya kila silinda kuna kibomba chembamba kilichopinda, kimefungwa kwa bolti yenye vali ndani yake. Ikiwa gari lako ni lenye 1HZ, ambayo ilitoka kiwandani bila turbo, na unafikiria kuifungia, usikubali maneno ya mtu. Fungua uone kwa macho yako kama jeti zipo. Kama hazipo, kuziongeza ni kazi ya mashine ya kutoboa bloku kwa vipimo, na pampu ya oili lazima iwe na uwezo wa kuzilisha. Haifanyiki kwa drili ya mkononi.

Wakati sampu iko chini, fungua pia kofia za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) ukague beringi. Kwa 1HD-T hili si la hiari, kwani beringi zake za konrodi zinajulikana kwa kuisha mapema.

Hatua ya pili, toa jeti zote sita na uzipange kwa namba za silinda zake. Zisafishe kwa dizeli safi, kisha upulize kwa kompresa. Usipitishe waya mgumu ukauzungusha ndani ya tundu, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu mdomoni unatosha kuutawanya mkondo wa oili. Sasa sogea karibu uone vali: nikiisukuma kwa kijiti cha mbao inaingia, na nikiiachia springi inairudisha mara moja. Vali hii hukaa imefungwa presha ikiwa ndogo, ili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, oili ibaki kwa ajili ya beringi. Kwa injini nyingi hufunguka kati ya bar 1 na 2. Ikigoma kurudi, nunua nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo mafundi wengi huiruka, nayo ni kulenga. Rudisha jeti, kisha ingiza taratibu ndani ya mdomo wake waya mwembamba ulionyooka na ulio laini, uone ncha yake inaelekea wapi. Toa waya huo kwanza, ndipo uzungushe krenki kwa mkono mpaka pistoni ifike chini kabisa, ukihakikisha kwamba sketi, konrodi na vizito vya krenki havigusi jeti mahali popote. Umefunga pistoni mpya zilizofuliwa kwa kugandamizwa, si za kumiminwa kwenye kalibu? Kagua mara mbili, maana sketi zake huenda hazikukatwa nafasi ya jeti.

Bolti hizi zina uwazi ndani, kwa hiyo kaza kwa spana ya torki na kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Niliwahi kukaza moja kwa kukisia, ikakatika shingo ndani ya bloku, na kuitoa kulinichukua siku nzima.

Hatua ya nne, vaa miwani na uweke beseni chini. Nimeunganisha tangi dogo la oili kwenye tundu la swichi ya presha, na kompresa inalisukuma. Kwenye bar 0.5 hakuna kinachotoka. Sasa napandisha hadi bar 3: ona mikondo sita, myembamba, iliyonyooka kama uzi. Kama silinda ya nne, kwa mfano, ingetoa ukungu au ingedondosha matone, ningeirudia tangu mwanzo.

Unapofunga sampu, paka silikoni kidogo. Ile inayobanwa ikaingia ndani hukatika vipande, vikaenda kuziba chujio la pampu, na kazi yote uliyoiona ikawa bure.

Mwisho, funga geji ya joto la moshi kabla ya turbo, ya presha ya oili na ya joto la oili. Panda mlima wa Mto wa Mbu gari likiwa na mzigo. Mimi sikubali moshi upite nyuzijoto 700 wala oili ipite 120. Ukiona inakaribia, punguza dizeli, kwani katika injini ya dizeli mafuta mengi ndiyo yanayoleta joto. Ukirudi gereji, mwaga oili, kata filta, tandaza karatasi yake juani. Ukiona chenga za aluminiamu zinang'aa, shusha sampu tena.