Kutoa pini kwenye soketi za Land Cruiser ya zamani bila kukata waya

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji, hapa Mbeya. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Land Cruiser HJ47, pikapu ya dizeli. Toyota walitengeneza ukoo huu wa 40 kuanzia 1960 mpaka 1984, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka 40. Hii bado iko kazini, inashusha viazi kutoka Uporoto. Mwenyewe analalamika kwamba taa kubwa zinawaka njano, na ukungu ukitanda pale Isyonje haoni hata ukingo wa barabara.

Balbu ni mpya, betri ni nzima. Ugonjwa uko huku nyuma ya dashibodi, kwenye soketi ya swichi ya taa. Dogo, sogeza kamera. Mnaona plastiki ilivyogeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini hii moja, yaani kijibati hiki cha mwisho wa waya? Hapo panachemka.

Hesabu yake ni hii. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampea 5, zikiwa mbili ni ampea 10. Magari mengi ya enzi zile hayana relei ya taa, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dashibodi, kwa hiyo moto wote unapita swichini. Pini ikishaota kutu ikaweka ukinzani wa omu 0.2 tu, kwa ampea 10 umeshapoteza volti 2 hapo hapo. Na hazipotei bure: zinakuwa joto la wati 20, ndani ya kijiplastiki kisichojaa kiganja.

Sasa dawa ya mjini tunaijua. Kata waya, sokota, piga tepu nyeusi, gari liondoke. Kesho unakuta soketi haina kazi, waya zimefupishwa kila mmoja urefu wake, na fundi anayefuata hajui upi ulitoka wapi. Gari la umri huu soketi yake huipati dukani kirahisi. Ukiivunja umeivunja. Ndiyo maana tunatoa pini, tunaitibu, tunairudisha kwenye nyumba yake.

Anza na betri. Toa waya wa hasi kwanza, spana namba 10 kwa hili. Hili ni la volti 12, ila dizeli nyingine za Land Cruiser za wakati huo ni volti 24, zina betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Fungua boneti uhakikishe, na kama ni mbili, achanisha zote. Msifanye kazi hii betri ikiwa imefungwa kwa kujidai mna uzoefu. Kuna waya hapa zinatoka betri moja kwa moja, na ukigusisha chuma kwenye bodi utaunguza waya zote za dashibodi.

Halafu piga picha. Mbili: upande wa waya, na upande wa mdomo, yaani kule pini zinakokutana na wenzake. Pande hizi mbili ni kinyume. Pini iliyo kushoto ukiangalia mdomo, ukigeuza inakuwa kulia, na hapo ndipo watu wanaporudisha waya wa indiketa kwenye tundu la honi. Andika rangi pia, pamoja na mstari. Waya mweupe wenye mstari mweusi kwa Toyota ni athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri. Mwekundu mtupu na mwekundu wenye mstari ni waya mbili tofauti kabisa. Kama rangi imefifia, futa sehemu iliyo ndani ya tepu ya zamani, huko rangi huwa bado ipo.

Safisha kabla ya kugusa kufuli lolote, yaani kile kinachoishika pini isitoke kwenye soketi. Brashi ya meno kuukuu na spiriti kidogo, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Vumbi letu hili jekundu likishakaa miaka ndani ya soketi linakuwa udongo mkavu, na kufuli haliwezi kusogea likiwa limefukiwa.

Na hili ni la sisi wa nyanda za juu. Juni na Julai, asubuhi, plastiki ya miaka 40 haina huruma. Joto likiwa chini ya nyuzi 10 inakatika ukiibonyeza tu. Ipashe kwanza. Ikunje kwenye kitambaa ulichochovya maji ya moto na kukikamua sana, shikilia dakika chache. Au subiri jua la saa sita lipige dashibodi. Kiberiti cha gesi weka mbali.

Imepata joto, sasa tenganisha soketi na swichi. Bonyeza klipu, shika plastiki yenyewe, vuta. Usivute kwa kushika waya.

Haya, tumulike mdomoni kwa tochi. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo msiharakishe. Pini yoyote imeshikwa na kitu ndani, na kitu hicho ni cha aina mbili. Kwenye aina ya kwanza, pini yenyewe ina ulimi mdogo wa bati uliotokeza mgongoni, na ulimi huo umenasa kwenye ukingo wa plastiki. Hapo unaubonyeza ulimi ulale. Kwenye aina ya pili, pini ni laini, ila soketi ina ulimi wa plastiki unaoingia kwenye tundu la pini. Huo unauinua utoke. Ukichanganya, ukabonyeza ulimi wa plastiki uelekee kwenye pini, utauvunja, na pini haitakaa tena.

Ya kwetu ni aina ya kwanza, pini bapa za milimita 6.3. Tazama upande wa mgongo wa pini, ule usiokuwa na kingo zilizokunjwa. Kuna nafasi nyembamba pale, kama ufa. Kifaa kinaingia hapo.

Kifaa unatengeneza mwenyewe. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2. Igonge ncha kwa nyundo juu ya kipande cha chuma mpaka iwe bapa, kisha ipitishe tupa: unene usizidi milimita 1, upana 2 au 3, na ncha iwe butu kidogo isichimbe plastiki. Shazia ya kushonea magunia nayo inafaa ukiinyoosha ncha. Kwa pini za mviringo, zile zenye ndimi pande mbili, tafuta antena ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Vipande vyake ni mirija myembamba ya saizi mbalimbali. Chagua unaoizunguka pini, unalaza ndimi zote kwa pamoja. Bisibisi ya testa wengi wanaikimbilia. Mimi siipendi, ni nene mno na inapanua tundu.

Sasa jambo lenyewe: sukuma kwanza, ndipo uvute. Shika waya kwa nyuma, usukume ndani kuelekea mdomoni, kidogo tu. Kwa nini? Miaka yote waya umekuwa ukivutwa na mtikisiko, kwa hiyo ulimi umeegemea ukingo wa plastiki kwa nguvu. Ukivuta unazidi kuuegemeza. Ukisukuma, unapumua. Ukiwa umesukuma hivyo, ingiza kifaa kwenye ule ufa mpaka kigote. Mkono utahisi kitu kimelegea, wakati mwingine kinasikika: tki. Kifaa kikiwa bado ndani, vuta waya polepole.

Imetoka. Mmeona? Nguvu niliyotumia haizidi ya kuchomoa kiberiti kwenye boksi lake.

Ikigoma usiongeze nguvu. Chomoa kifaa, sukuma waya tena, ingiza upya ukiwa umesogea kidogo kushoto au kulia. Ikigoma bado, dondoshea tone la mafuta ya kulainisha, mwache mgonjwa apumzike, nenda kanywe chai. Kwa magari mengi ya miaka ya tisini kuja huku, kuna kufuli la pili, kipande cha plastiki cha rangi nyingine kilichopita juu ya pini zote. Hicho kifungue kwanza, la sivyo utahangaika mpaka jioni.

Toa pini moja, ishughulikie, irudishe, ndipo uende ya pili. Fundi anayetoa zote nane kwa mpigo ana imani sana na picha zake.

Pini yetu hii ni nyeusi, na shingoni ina kutu ya kijani. Ikwangue kwa msasa laini mpaka ing'ae. Kingo zilizokunjwa zibane kidogo kwa plaizi ya mdomo mrefu, zishike vizuri zinapokutana na mwenzake. Kisha chunguza waya. Nikiumenya kidogo, shaba ya ndani ni nyeusi. Hii haishiki kitu. Nakata nyuma mpaka nifike kwenye shaba nyekundu, naweka pini mpya ya saizi ile ile. Pini ina mabawa jozi mbili: ya mbele yanabana shaba, ya nyuma yanabana ganda la waya. Yote mawili yafanye kazi. Wengine huongeza risasi ya kuchomea. Kwangu hapana, kwa sababu risasi inaufanya waya uwe mgumu, na kwenye barabara za kubebea viazi unakatika pale pale ugumu unapoishia.

Kabla ya kurudisha, kama pini ni ile ile ya zamani, inua ule ulimi kwa ncha ya sindano. Wakati wa kutoa pini uliulazwa, na ukiuacha hivyo pini itarudi nyuma siku ya kwanza ukichomeka soketi. Kiasi kidogo tu, bati likikunjwa mara nyingi linakatika. Ingiza pini mgongo ukiangalia ulipokuwa, sukuma mpaka isikike tki, kisha vuta waya kwa vidole viwili. Haitoki? Safi. Paka mafuta ya mgando utando mwembamba mdomoni, yazuie unyevu, chomeka soketi, funga betri.

Kipimo cha mwisho. Weka mita kwenye volti za DC, washa taa kubwa. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa moto nyuma ya balbu. Mita inaonyesha volti zinazopotea njiani. Hapa tunasoma 0.4. Ikiwa chini ya nusu volti naridhika. Ikizidi, fuata njia hiyo hiyo soketi kwa soketi, anzia ya kwenye fyuzi, na usisahau kupima upande wa athi, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa taa.