Mguu Juu: Mbwa Anaandika Nini Kwenye Nguzo?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tuna swali ambalo kila anayetembeza mbwa hukutana nalo: matone mawili hapa, matatu pale, nguzo hii, ile nayo, na mkifika nyumbani bado ana akiba. Baraka, huo mkojo hauishi?

BARAKA: Anaubana makusudi. Haja ndogo na kuweka alama ni mambo mawili. Mbwa mwenye haja anachuchumaa au anasimama, anamaliza kibofu, basi. Anayeweka alama hunusa kwanza, tena kwa utulivu, halafu anadondosha kidogo tu, na mara nyingi juu ya kitu kilichosimama: nguzo, shina la mti, gurudumu la gari.

MWANAIDI: Kwa nini kilichosimama?

BARAKA: Harufu inakaa usawa wa pua ya mbwa atakayefuata, na upepo unaichukua. Mkojo wa chini hunywewa na udongo na kukanyagwa. Ndiyo maana wengine hujinyoosha hadi karibu waanguke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walipima pembe ya mguu unaoinuliwa na madume. Wale wadogo ndio waliokuwa na pembe kubwa zaidi.

MWANAIDI: Yaani kafupi kanajifanya karefu!

BARAKA: Hiyo ni tafsiri mojawapo, na mimi naipenda. Nyingine ni kwamba mbwa mdogo anajaribu tu kufikia alama iliyowekwa juu na mkubwa.

MWANAIDI: Sasa niseme jambo ambalo huenda litawaudhi wengine. Watu husema mbwa "anachora mpaka wa himaya". Kwa mbwamwitu, sawa: huko Minnesota, Marekani, miaka ya 1970, wafuatiliaji wa mbwamwitu walikuta alama za mkojo pembezoni mwa himaya zikiwa karibu maradufu ya zile za katikati. Lakini mbwa wa nyumbani huzidisha alama akiwa mtaa wa watu, mahali ambapo hana himaya yoyote. Mpaka gani huo?

BARAKA: Ubao wa matangazo umekaribia ukweli zaidi. Anasoma, anajibu. Ndani ya mkojo kuna habari za nani amepita, dume au jike, jike yuko kwenye joto (yaani tayari kupandwa) au la, na alama ni mbichi au ya zamani. Mbwa ana seli za kunusa zaidi ya milioni 200, binadamu tuna milioni chache. Zaidi ya hayo ana kiungo cha Jacobson, kiungo kingine cha kunasa harufu, kipo juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Ukimwona analamba alama, kisha meno yanagongana kidogo na mate yanatoka povu, hapo anapeleka kemikali za mkojo kwenye kiungo hicho. Msimvute kamba. Mpeni sekunde zake.

MWANAIDI: Na majike wanaachwa nje ya mazungumzo haya bure. Nao huweka alama, wengine huinua mguu kidogo wakiwa wamechuchumaa. Jike akikaribia joto hukojoa mara kwa mara zaidi, na huko ndiko kutangaza kwenyewe. Halafu kuna kufunika alama ya mwingine: mbwa anayebeba mkia juu, awe dume au jike, hufunika zaidi kuliko anayeushusha.

BARAKA: Mavi je?

MWANAIDI: Yana ujumbe pia, ila mfupi. Kuna vifuko viwili vya tezi kando ya mkundu, ukitazama kama saa viko kwenye namba nne na namba nane, na majimaji yake hupaka kinyesi kinapopita. Baadaye mbwa anaparua ardhi kwa miguu ya nyuma. Wengi hudhani anafukia kama paka. Wapi! Udongo unaruka pembeni na choo kinabaki wazi. Nyayo zina tezi, na mikwaruzo yenyewe ni alama ya macho.

BARAKA: Tuingie ndani ya nyumba, maana hapo ndipo amani huvunjika. Mbwa aliyezoea kutoka nje ghafla anakojolea mguu wa meza. Tazama kwanza kiasi na mahali. Kidogo, kwenye kitu cha wima au kitu kigeni kama begi la mgeni au kitanda cha mtoto mchanga, hiyo ni alama. Dimbwi katikati ya sakafu ni haja, au ugonjwa.

MWANAIDI: Na usafi hukosewa kila siku. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu kwa kukandamiza, usisugue, unauzamisha. Suuza kwa maji baridi, nyonya tena. Kisha mimina dawa ya usafi yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja uchafu, ya kutosha kufika kina kile kile mkojo ulichofika. Hapo ndipo wengi hushindwa: wananyunyiza juu juu, na mkojo umeshazama kwenye sponji ya kochi. Iache dakika 10 hadi 15 au kadiri kibandiko kinavyosema, halafu ikauke yenyewe.

BARAKA: Kwa nini sabuni haitoshi?

MWANAIDI: Asidi ya uriki hubaki kama chembe zisizoyeyuka vizuri kwenye maji. Siku ya unyevunyevu harufu inafufuka na mbwa anarudi pale pale. Dawa yenye amonia ndiyo mbaya kabisa, kwake inanuka kama mkojo mwingine wa kujibiwa. Klorini nayo ikikutana na mkojo hutoa gesi inayowasha mapafu. Na mvuke wa moto hugandisha doa kwenye kitambaa.

BARAKA: Kumchapa?

MWANAIDI: Atajifunza kukojoa ukiwa haupo. Ukimkuta anaanza, piga makofi mara moja kumshtua, usimguse kwa kumpiga, mtoe nje, akimalizia huko mpe kitafunwa papo hapo. Kuhasi husaidia madume wengi, ila si wote, hasa kama tabia imeshaota mizizi.

BARAKA: Kabla ya yote hayo, ondoa ugonjwa. Damu kwenye mkojo, kujikamua bila kutoka kitu, kuvuja akiwa usingizini, kiu isiyo ya kawaida. Kiu unaweza kuipima: weka maji yaliyopimwa, ona yamepungua kiasi gani kwa saa 24. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, yaani lita nzima kwa mbwa wa kilo 10, nenda kwa daktari wa wanyama. Na anayejikamua bila kutoa hata tone asisubiri kesho.

MWANAIDI: Na uende na mkojo wa asubuhi. Funga upawa safi kwenye fimbo, usogeze taratibu mkojo ukishaanza kutoka, mimina kwenye chupa safi. Usipofika ndani ya saa moja, chupa ikae kwenye friji, imefunikwa vizuri, mbali na maziwa.