Shika Mkono Kabla ya Kuamini Presha

(Mhadhara kwa wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, Malindi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni hasa mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja, na mliopanda matatu alfajiri kutoka Marafa na Gongoni.

Ombi langu kwenu ni hili: presha ikiwa nzuri, msitulie bado. Mgonjwa huwa kwenye mshtuko pale damu inaposhindwa kufikisha oksijeni ya kutosha viungoni, na mwili wenye nguvu hulificha jambo hilo. Kijana wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Mombasa, bandama limepasuka, anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake na presha ya juu, yaani namba ya kwanza ya kipimo, bado ikasoma 110. Mishipa imejibana, moyo unakimbia. Anayemfichua ni mkono wake: wa baridi, una jasho. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5, achia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, usiondoke hapo kitandani.

Kisha gawanya mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 120 kwa presha 110 ni zaidi ya 1, ilhali mtu mzima aliye salama huwa baina ya 0.5 na 0.7. Tazama na mfuko wa mkojo: chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, figo zinanyimwa damu. Akianza kuhangaika, kung'oa maski na kutukana, tafadhalini msimwite mkorofi. Ubongo unakosa oksijeni.

Ninayemhofia zaidi ni mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Ujauzito humwongezea damu, kwa hiyo hustahimili, hustahimili, halafu huanguka ghafla. Kwake, jibu la hesabu ile likifika 0.9, ita msaada. Usikisie kwa kutazama shuka. Kusanya damu uipime. Sugua mfuko wa uzazi, mpe oksitosini ya kuukaza, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 mshipani, polepole, ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Sasa sababu, maana si kila mshtuko ni wa kufungulia dripu. Moyo ukiwa ndio ulioshindwa, mishipa ya shingo imevimba na mapafu yanatoa sauti ya maji, lita moja ya haraka yaweza kumuua. Aliyepata mzio mkali, kwa dawa au kwa nyuki, apewe adrenalini kwanza: mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Dawa za mzio na haidrokotisoni zifuate nyuma. Wa maambukizi anaweza kuanza na mikono ya moto, msidanganyike. Antibayotiki ndani ya saa moja. Hewa ikinaswa kifuani nje ya pafu na kulibana pamoja na moyo, itolewe mara moja.

Kuhusu watoto, somo lilitoka hapa hapa jirani. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wenye watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Walikuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa wengi zaidi ndani ya saa 48: takribani 10.6 kwa mia, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Takwimu hizo ni watoto wetu wa pwani pia, na zinaniuma kila nikiona chupa imefunguliwa kwa mazoea. Lakini wenye kuhara hawakuwemo. Mtoto aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji yake: mililita 100 kwa kilo, kwa saa 6 akiwa chini ya mwaka mmoja, kwa saa 3 akizidi hapo. Mwenye utapiamlo mkali ana mwongozo wake peke yake.

Mkimpakia mgonjwa ambulansi kwenda Kilifi au Mombasa, msiandike presha pekee. Andikeni mapigo, hali ya mikono, mkojo, maji aliyopewa, na saa ya kila kimoja. Sasa nakaribisha maswali. Tuanze na akina sista wa leba.