Diski Ikianza Kugonga

Mhadhara kwa wenye steshenari, makatibu muhtasi na wapiga picha, Morogoro

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti aliniomba nizungumze saa nzima, nikamwambia nusu saa yatosha, ibaki nafasi ya maswali na ya kuangalia kompyuta zenu. Naona wengine mmekuja nazo kwapani.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja aliniletea laptopu. Ilikuwa inachukua robo saa kuwaka, na ukigusa folda ya picha inaganda. Humo ndani mlikuwa na alama za wanafunzi wa miaka minne na picha za mama yake, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mimi nikajifanya fundi. Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika chkdsk /r, nikabonyeza Enter, nikaenda kunywa chai. Kazi ya amri ile ni kupita diski nzima, sekta moja baada ya nyingine (sekta ni vile vipande vidogo vya diski vinavyobeba data), na ikifika penye ubovu inang'ang'ana hapo hapo. Niliporudi ilikuwa asilimia 11. Jioni, 11. Usiku nikasikia: tak, tak, tak, kimya. Tak, tak, tak, kimya. Asubuhi kompyuta haikuiona diski kabisa.

Diski ile ilifika mezani kwangu ikiwa bado inasomeka. Kwa kusuasua, lakini inasomeka. Ilikuwa imebakiwa na saa chache za uhai, nami nikazimaliza zote kwa kuikagua, bila kutoa hata picha moja ya yule mama. Ndiyo maana leo sikufundishi kutengeneza diski. Diski mbovu haitengenezeki, na nyumba ikiwaka moto hufagii sebule. Unabeba watoto.

Hii niliyoshika imekufa zamani, nimeifungua ili muione. Ipitisheni. Hizo sahani zinazong'aa kama kioo ndizo zilizobeba kila kitu. Kwenye kompyuta nyingi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde moja. Nimepiga hesabu: ukingo wa sahani unakimbia karibu kilomita 130 kwa saa, na basi la mkoani haliruhusiwi kuvuka 80. Tazameni huo mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha yake. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo wa mzunguko, kwa pengo la nanomita chache tu. Unywele mmoja una unene wa nanomita 50,000 na zaidi. Kwa hiyo chembe ya vumbi kwake ni jabali.

Dada uliyeishika sasa hivi, isogeze kwenye mwanga. Unauona ule mstari wa duara, kama mkwaruzo wa chini ya sufuria? Hapo ndipo kichwa kilipoanguka kikaendelea kukwaruza. Ule unga mweusi pembeni ulikuwa picha za mtu.

Sasa dalili. Nyingi mnazijua kwa macho: kompyuta inaganda ukifungua folda fulani tu, nyingine zinafunguka, majina ya mafaili yanageuka alama za ajabu, faili la jana leo halipo, au Windows inakuuliza kama ufomati diski ambayo imejaa vitu vyako. Hapo jibu ni hapana, hata ikiuliza mara kumi. Na ukiona kompyuta inapowaka inaanza kujikagua yenyewe, huwa inakupa sekunde chache za kubonyeza kitufe chochote kuizuia. Bonyeza.

Dalili nyingine ziko ndani ya diski yenyewe. Kila diski ina daftari lake la siri liitwalo SMART, inamojiandikia maradhi yake. Programu ya bure, CrystalDiskInfo, inalifungua. Msihangaike na mistari yote. Tazameni mitatu: 05, C5 na C6. Wa 05 ni idadi ya sekta zilizokufa ambazo diski imeshazibadilisha kwa sekta za akiba. C5 ni zile inazozitilia shaka, na C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Namba ikitoka kwenye sifuri, na hasa ikipanda leo kuliko jana, usingoje wikendi. Kuna mstari mwingine, C7, ambao mara nyingi ni ubovu wa waya wala si wa diski. Mteja wangu mmoja alikuwa keshatoa pesa mfukoni anunue diski mpya. Tukabadilisha waya, kompyuta ikapona, na namba haikuongezeka tena.

Lakini daftari hilo nalo lisiwalaghai. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 walizokuwa wakizitumia wenyewe. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la kusomeka wakati wa ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya zile zisizo na kosa. Hapo unasema, basi nitalisikiliza daftari. Endelea kusoma: zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa zilikufa bila kuandika malalamiko yoyote, ukiacha joto. Zilikwenda kama mtu aliyelala mzima.

Haya, diski yako imeonyesha dalili. Kwanza sikiliza. Kama inagonga, ile tak-tak niliyoitaja, au inakwaruza, zima. Ikigoma kuzima, shikilia kitufe mpaka izime. Usiiwashe tena "kuona kama imepona," kwa sababu kila ukiiwasha unakipitisha kichwa kibovu juu ya sahani nzima. Hapo imebaki kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, ambayo ni ghali, na lazima ujiulize kama kilichomo kinastahili gharama hiyo. Usikubali fundi wa kibarazani aifungue. Hata mimi usinikubalie.

Kama haigongi, inachechemea tu, una nafasi. Usiendelee kuitumia ikiwa ndiyo inayowasha Windows, kwa sababu Windows haitulii: inasasisha, inatafuta virusi, inaandika hapa na pale, na yote hayo yanakula uhai wa diski. Itoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Au washa kompyuta yako kwa flashi yenye Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, diski ibaki imelala mpaka uiguse wewe.

Halafu chagua. Hapa ndipo watu wanaponiudhi. Mtu diski inakata roho, yeye anaanza kuhamisha muvi! Muvi utaipata kwingine, na Windows na programu za uhariri utaziweka upya. Anza na kile ambacho hakuna mwingine duniani mwenye nacho: daftari la wadeni, rejesta, picha za harusi ambazo bwana harusi hajazichukua, rekodi za kwaya. Mara nyingi vitu hivi ni vidogo, flashi moja inabeba. Na unapohamisha, kopi. Usikate na kubandika, maana kukata ni kuiandikia diski mgonjwa ifute. Nenda folda moja moja. Ikiganda kwenye folda, iache, nenda nyingine, utairudia mwishoni. Najua mafundi wenzangu wengi wanasema utoe kwanza nakala ya diski nzima. Wana hoja, lakini mimi kama rejesta inafunguka sasa hivi, naitoa sasa hivi.

Baada ya hapo ndipo nakala ya diski nzima, na kwa hilo sijaona kifaa cha bure kinachoishinda ddrescue ya kwenye Linux. Uzuri wake ni tabia. Ile chkdsk yangu ilikuwa kama mwalimu mkali anayemsimamia mtoto mmoja mpaka ajibu, darasa zima linasubiri. Hii inawapitia kwanza wanaojua, inachukua majibu yao haraka, wagumu inawaruka na kuandika majina yao pembeni, kisha inawarudia. Amri yenyewe ni hii hapa ukutani:

ddrescue -n /dev/sdb okoa.img okoa.map

Hiyo sdb ndiyo diski mgonjwa kwenye mfano wangu. Kwako inaweza kuwa na herufi nyingine, na ukikosea herufi hapa utalia, kwa hiyo hakikisha kwa ukubwa wake kabla ya kubonyeza. Okoa.img ndilo faili litakalobeba diski nzima, na liko kwenye diski nyingine iliyo nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu. Diski hiyo isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Okoa.map ndilo daftari la wagumu. Lipendeni hilo faili dogo. Nilikuwa naokoa diski ya mpiga picha mmoja, umeme ukakatika saa nane usiku. Uliporudi, niliandika amri ileile, ikaendelea pale ilipoishia. Asubuhi tukakuta imefika asilimia 99 na ushee. Ndipo nikawarudia wagumu, safari hii kwa -d -r3 mahali pa -n, yaani wajaribiwe mara tatu kisha basi.

Ukishapata faili hilo, diski mgonjwa ipumzishe. Programu za kutafuta mafaili yaliyopotea, kama TestDisk na PhotoRec, ziendeshe juu ya nakala. Humo kosea utakavyo.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza kuhusu friji. Ndiyo, mzee, habari za kuweka diski kwenye friza ni za siku nyingi, na wapo wanaoapa iliwasaidia. Mimi nasema uiache nyama ikae humo peke yake. Diski ikitoka kwenye baridi inatoa jasho kama chupa ya soda, na maji juu ya sahani ni msiba wa pili. Unyevu wa Tanga au Dar ndio usiseme.

Swali la pili, la dada: "Mimi vitu vyangu viko kwenye D, si viko salama?" Nashukuru umeuliza, wengi mnaliogopa. Kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. D inakusaidia ukiweka Windows upya. Sahani zikikwaruzwa, paa linaanguka juu ya vyumba vyote.

Kuna kisa ninachokipenda. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirudi duniani na wanaanga 7 wakapoteza maisha. Miezi baadaye, kati ya mabaki, iliokotwa diski ya jaribio moja la kisayansi kuhusu gesi ya xenon. Plastiki yake imeyeyuka, vumbi limeingia. Ikapelekwa maabara, wakatoa karibu asilimia 99 ya data, na matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008. Diski imeungua, imeanguka kutoka angani, na sahani zikabaki zinasomeka. Ya yule mwalimu ilikuwa mezani, kwenye kivuli, na mimi nikaimaliza kwa amri moja.

Wenye SSD mnatabasamu. Hizo ni diski za chipu, hazina sahani, hazigongi, na ndiyo shida yake: nyingine hufa ghafla bila hata kukohoa. Nyingine hukataa kuandikwa lakini zinasomeka. Ikikutokea hivyo, kopi siku hiyohiyo.

Bekapu nitaisema kwa kifupi, kwa sababu mmeisikia mpaka masikio yamechoka. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo: kwa shangazi, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 2 msizitumie. Nyingi ni feki, ndani zina nafasi kidogo na zinameza kinachozidi bila kukuambia. Na nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watengeneza programu kazi zao, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na walipozihitaji waliona hakuna iliyofanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi aliitoa kwa shughuli nyingine saa kama sita kabla. Kwa hiyo wewe, mara moja kwa mwezi, chagua faili lolote kwenye nakala yako, lifungue, ulisome.

Swali la mwisho, kaka: "Nikishaokoa, si naweza kuifomati ile diski niendelee kuitumia?" Unaweza. Weka muvi.

Haya. Nimekuja na adapta mbili na diski moja yenye nafasi ya TB 2. Wenye laptopu zinazochechemea sogeeni meza ya kushoto, mkiwa mmeandika kwenye karatasi folda tatu mnazozitaka kwanza. Yenye kugonga iletwe ikiwa imezimwa. Na wewe kijana wa shati la bluu, hiyo yako naisikia kutoka hapa. Izime kwanza.