Kutu Inayolinda Chuma: Nairobi Ndiyo, Mombasa Hapana

Habari za jioni. Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni: chuma cha Cor-Ten, kisichopakwa rangi, kitahimili vipi mvua za Nairobi? Bwana, kitashika kutu kama kingine chochote. Tofauti iko kwenye kutu yenyewe.

Okota kipande cha chuma cha kawaida pale Kamukunji, kwa mafundi wa chuma. Kutu yake ni magamba. Ukiikwangua kwa ukucha inabanduka, na chini yake chuma kinaanza kulika upya. Ila kikiyeyushwa kikatiwa shaba, asilimia 0.25 hadi 0.55, pamoja na kromiamu, nikeli, silikoni na fosforasi kidogo, kutu hujishikiza na kuziba. Kampuni ya Marekani ya U.S. Steel iliingiza aloi hii, yaani mchanganyiko huu wa metali, sokoni mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, na ilitumika kwanza kwenye mabehewa ya treni. Wasanifu wa majengo walikuja kuipenda baadaye sana.

Shaba na kromiamu ndizo zinazonivutia zaidi. Kromiamu hupenya ndani ya madini ya kutu yaitwayo goethaiti, ikakalia nafasi za atomi za chuma, na chembe zake zikawa ndogo mno, zimebanana. Shaba nayo huzizuia chembe hizo zisikue, na ikikutana na salfa ya moshi hutengeneza chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, hivyo mvua haiisombi. Fosforasi husaidia pia, lakini hufanya chuma kivunjike kirahisi, ndiyo maana mabamba mazito ya madaraja hupewa kiasi kidogo sana.

Yote hayo yanataka kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Nairobi tunayo: mvua, kisha jua. Mombasa hewa ina chumvi ya bahari, nayo huvuta unyevu, chuma kisikauke, kutu ikavimba na kubanduka. Wajapani wanaojenga pwani wameongeza nikeli hadi karibu asilimia 3. Na hata hapa Nairobi, kona inayotuamisha maji ni Mombasa ndogo.

Kwa wachomeleaji: msifunge kazi kwa elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya kawaida. Tabaka za juu za kiungo zinataka elektrodi yenye nikeli au shaba, la sivyo mshono utalika kabla ya bamba. Na mwambieni mwenye nyumba mapema kwamba miaka ya kwanza ukuta wa chini utachirizikiwa na maji ya rangi ya chungwa.