Milango Iliyo Wazi: Ni Mafanikio Gani Yanayostahili Tuzo katika Uchanganuzi Nafsi?

IDRISA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia jinsi taaluma ya uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya nafsi ambayo mgonjwa huzungumza kwa uhuru lolote linalomjia, inavyowaenzi watu wake: ni kazi gani zinazohesabiwa kuwa mafanikio, na kwa nini juhudi za kuwafikishia tiba hii wasio na uwezo wa kuilipia huchelewa mno kutambuliwa. Niko na mwenzangu, Dada Zuhura, ambaye suala hili limemshughulisha kwa muda mrefu.

ZUHURA: Ahsante, Kaka Idrisa. Ningependa tuanze na mwaka 1930, kwa sababu katika mwaka huo mambo mawili yalitokea nchini Ujerumani, na ni moja tu linalokumbukwa na wengi. La kwanza ni Tuzo ya Goethe, ambayo jiji la Frankfurt lilimtunuku Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi. Afya yake ilikuwa imedhoofika, akashindwa kusafiri, hivyo binti yake Anna akaenda kuipokea na kuisoma hotuba kwa niaba yake. Heshima hiyo ilimstahili kabisa, lakini ilimlenga mwandishi na fikra zake. Jambo la pili lilitokea Berlin, ambako kliniki ya uchanganuzi nafsi ilitoa ripoti ya miaka yake 10 ya kwanza.

IDRISA: Tueleze kuhusu kliniki hiyo, maana wengi wanaomjua Freud hawajawahi kuisikia.

ZUHURA: Ilifunguliwa Februari 1920 na wachanganuzi Max Eitingon na Ernst Simmel, na kwa kiasi kikubwa gharama zake zilitoka katika mali ya Eitingon mwenyewe. Mgonjwa alilipa kadiri ya uwezo wake, na asiyeweza kulipa alitibiwa bure. Wazo lenyewe Freud alikuwa amelitamka Septemba 1918 mjini Budapest, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa bado haijaisha, alipowaambia wenzake kwamba maskini ana haki ya kusaidiwa nafsi yake sawasawa na haki yake ya kufanyiwa upasuaji wa kuokoa maisha. Alitarajia kwamba siku moja serikali zingelibeba jukumu hilo. Eitingon na Simmel hawakuzisubiri serikali.

IDRISA: Na ile ripoti ilisema nini?

ZUHURA: Mchanganuzi Otto Fenichel ndiye aliyezikusanya takwimu. Watu 1,955 walifika kuomba ushauri, na 721 wakaanza tiba. Kati ya tiba 604 zilizokuwa zimefikia mwisho, kwa njia moja au nyingine, 241 zilikatizwa njiani, 47 hazikuleta nafuu yoyote, 116 zilileta nafuu, 89 zilileta nafuu kubwa, na 111 zilihesabiwa kuwa wagonjwa wamepona. Naomba msikilizaji aitazame vizuri hiyo 241. Ni karibu wawili katika kila watano, na kliniki iliichapisha bila kuificha, wakati ambapo wapinzani wa uchanganuzi nafsi walikuwa wakitafuta sababu yoyote ya kuukejeli.

IDRISA: Hapo ndipo ninapoona mafanikio ya kweli. Mchanganuzi anayefanya kazi peke yake katika chumba chake anaweza kuchagua wagonjwa wanaomfaa na kuandika juu ya wale waliopona tu, lakini mlango unapokuwa wazi kwa kila mtu, hulazimika kuwaona hata wale ambao nadharia yake haikuwatarajia, na akiwa mkweli atahesabu pia waliomkimbia.

ZUHURA: Na faida haikuishia kwenye takwimu. Kliniki ilihitaji watu wengi wa kutibu, kwa hiyo ililazimika kuwafundisha. Utaratibu unaotumika hadi leo katika vyuo vingi vya uchanganuzi nafsi, yaani mwanafunzi kuchanganuliwa yeye mwenyewe, kuhudhuria masomo, na kutibu wagonjwa chini ya usimamizi wa mchanganuzi mzoefu, ulipata umbo lake Berlin katika miaka hiyo ya 1920. Wanafunzi walijifunza kwa kuwatibu watu ambao wasingeweza kulipa kwingineko. Ndiyo maana siwezi kukubali mgawanyo unaosema kwamba huyu ameiendeleza taaluma kwa nadharia, na yule amefanya huduma ya hisani.

IDRISA: Lakini hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa. Freud huyohuyo, katika hotuba ileile ya Budapest, alisema kwamba tiba ikipelekwa kwa umma mpana, huenda dhahabu safi ya uchanganuzi ikabidi ichanganywe na shaba ya ushawishi wa moja kwa moja, yaani kumwambia mgonjwa la kuamini au la kufanya. Kuna wanaohofia kwamba tukiwatunuku wanaopanua huduma, tutakuwa tunaisifu shaba.

ZUHURA: Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu vipindi vikifupishwa na mafunzo yakilegezwa, kinachobaki huenda kisiwe uchanganuzi nafsi tena. Hata hivyo, Berlin walijaribu kufupisha tiba na hawakuridhika na matokeo, wakarudi kwenye tiba ndefu kwa wagonjwa walewale wasiolipa. Vienna nako, kliniki iliyofunguliwa Mei 1922 chini ya Eduard Hitschmann ilifanya kazi katika mazingira magumu sana: ilitumia vyumba vya kitengo cha magonjwa ya moyo, ambako mgonjwa alilala juu ya meza ya chuma ya uchunguzi, na mchanganuzi akaketi kwenye kiti kigumu cha mbao. Saa ya uchanganuzi ilibaki ileile, uhuru wa mgonjwa kusema lolote linalomjia ulibaki uleule. Kilichokosekana ni starehe.

IDRISA: Kwa nini basi historia hii ilififia kiasi hiki?

ZUHURA: Kwa sababu waliokuwa nayo walitawanywa. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, wachanganuzi Wayahudi walilazimika kuondoka Berlin; Eitingon alihamia Palestina, na Fenichel, baada ya kuhamahama Ulaya, akaishia Los Angeles. Kliniki ya Vienna ilifungwa mwaka 1938. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa na siasa za mrengo wa kushoto, na Marekani haikuwa mahali salama pa kuzitangaza. Huko tiba ikawa mikononi mwa madaktari na wateja wenye uwezo. Wanasaikolojia wasio madaktari walipata nafasi kamili ya mafunzo baada ya wanne miongoni mwao kukishitaki chama cha kitaifa cha wachanganuzi mwaka 1985, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano miaka michache baadaye.

IDRISA: Ingawa hata Marekani kulikuwa na waliokataa hali hiyo. Mwaka 1946 daktari Fredric Wertham, akishirikiana na mwandishi Richard Wright, alifungua Kliniki ya Lafargue katika ghorofa ya chini ya kanisa huko Harlem, New York. Ada ilikuwa senti 25, na asiyekuwa nazo hakurudishwa. Watu Weusi wa mtaa ule hawakuwa na pengine pa kupata tiba ya namna hiyo.

ZUHURA: Nami ningemtaja mchanganuzi Mjerumani Annemarie Dührssen, ambaye kwangu ni mfano bora kuliko wote. Katika miaka ya 1960 aliwafuatilia wagonjwa wa Berlin kwa miaka mitano baada ya tiba, akachunguza kumbukumbu za bima ili kuona walilazwa hospitalini kwa siku ngapi. Siku hizo zilikuwa zimepungua sana. Ushahidi huo ulisaidia kuzishawishi bima za afya za Ujerumani Magharibi, na tangu mwaka 1967 tiba ya uchanganuzi ikaingizwa katika huduma zinazolipiwa na bima ya umma. Leo mtu mzima anaweza kupata hadi vipindi 300. Utafiti mmoja, uliofanywa kwa uvumilivu, ulifungua mlango kwa mamilioni.

IDRISA: Tuzo zinazotolewa leo zinaweza kuliona jambo kama hilo? Tunayo Tuzo ya Sigourney, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Mary Sigourney, ambayo huwatambua wanaoendeleza fikra za uchanganuzi nafsi popote duniani.

ZUHURA: Inaweza, na kwa bahati njema hutolewa kwa taasisi pia, si kwa mtu mmojammoja tu. Hilo ni muhimu, kwa sababu kliniki haijengwi na mtu mmoja. Ningeziomba kamati zote za tuzo, ile na nyinginezo, ziulize mambo ambayo wasifu wa kitaaluma hauyaonyeshi: nani alitibiwa na alilipa nini, mchanganuzi alilipwa na nani, mafunzo yalikuwa wazi kwa nani, na wangapi waliacha tiba njiani. Taasisi inayoweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa takwimu kamili, kama Fenichel alivyolijibu, ningeipa kura yangu kabla hata sijasoma orodha ya machapisho yake.