Ukuta wa Mawe Unahitaji Chokaa

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmenisikia nikiilalamikia simiti katika vikao vingine, na leo nitarudia yale yale, kwa sababu afisi za mawe zilizojengwa Kisumu baada ya reli kufika mwaka 1901 zingali zinaharibiwa na watu wanaoamini kwamba wanaziokoa.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua afisi moja ya aina hiyo, isiyo mbali na ziwa, iliyokuwa imekarabatiwa kwa fedha nyingi. Kuta zake zilikuwa zimepigwa plasta ya simiti nje na ndani, kisha zikapakwa rangi ya mafuta. Nilipogonga ukuta kwa kidole ulilia kama debe tupu. Fundi niliyekuwa naye alipenyeza ncha ya mwiko kwenye ufa, na bamba la plasta lenye ukubwa wa mlango likaanguka miguuni petu. Upande wake wa ndani ulikuwa umelowa, na mawe tuliyoyakuta nyuma yake yalikuwa yamevaa chumvi nyeupe. Nilipoyapitishia kiganja yalimomonyoka kama unga wa muhogo. Mawe yaliyostahimili mvua kwa miongo mingi yalikuwa yamelika chini ya plasta iliyonuiwa kuyalinda.

Aghalabu kuta za namna hii hazikuwekewa kizuizi cha maji kwenye msingi, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka ardhini, na udongo wetu mweusi wa mfinyanzi huyashika maji kwa muda mrefu. Waashi wa zamani waliunganisha mawe kwa chokaa ili unyevu huo upate pa kutokea na kukaushwa na upepo. Simiti huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani ya jiwe, chumvi huganda nyuma ya plasta, na fuwele zake zinapokua hulipasua jiwe.

Mtaniambia kwamba chokaa ina polepole yake na mwenye jengo anataka funguo kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Ni kweli kwamba chokaa hupigwa kwa matabaka membamba na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe upesi. Lakini kuta za Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, ni za matumbawe na chokaa, na zingali zimesimama mbele ya bahari. Nasi hatuhitaji kuifuata chokaa mbali, kwa maana inachomwa hapa jirani, Koru. Na kwa wanaojali mazingira, chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi ilhali tanuri la simiti hufika takriban 1,450, tena chokaa ikishapigwa ukutani hukauka kwa kuivuta tena gesi ya kaboni kutoka hewani.

Muda umenipungukia, kwa hiyo yaliyosalia nitayagusa tu: msiyazibe madirisha ya juu wala kuzungushia baraza vioo kisha mkalilia viyoyozi, na msipandishe paneli za sola kabla fundi hajakagua mbao za paa.

Kipande cha ile plasta kipo hapa mezani. Mnapotoka, kigeuzeni na mpitishe kidole upande wa nyuma, mahali ambapo chembe za jiwe zingali zimekishika.